Chuma: Mnyapara Aliyejua Uzito wa Mzigo

Wenzangu,

Katika mkutano wetu uliopita hapa Lukuledi, baada ya chakula cha jioni, tulikaa chini ya mwembe tukazungumza habari za kazi zetu. Mmoja wetu ana mabasi mawili ya abiria, mwingine ana ghala la korosho, mwingine ni mkandarasi wa majengo, na wengine wamestaafu serikalini wakafungua maduka. Mazungumzo yakaangukia wafanyakazi, na kila mtu akatoa malalamiko yake. Kondakta anaficha nauli. Vibarua wanakimbia msimu ukiwa katikati. Fundi hafiki kazini mpaka afuatwe nyumbani. Mwalimu wetu mmoja wa zamani, ambaye alikuwa amekaa kimya muda wote, akatuuliza kama yupo yeyote kati yetu anayeweza kuiacha biashara yake mwaka mzima bila kuichungulia, kisha akarudi na kuikuta iko sawa. Hakuna aliyejibu.

Swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja ambaye darasani tulimsoma kwa sentensi mbili tatu tu, tena kama mtumishi wa mtu mwingine. Mtu huyo ni James Chuma, Myao, aliyepita katika nchi yetu hii zaidi ya mara moja, na ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo inayotushinda sisi: kuwaajiri watu, kuwaongoza, kuwalisha, kuwalipa, na kuwarudisha makwao salama. Nimeonelea vema niandike maisha yake katika gazeti letu, maana yanatuhusu.

NENO MNYAPARA

Sisi tuliosoma miaka ya sabini tunalijua neno unyapara kwa ubaya wake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi viwandani walipowakataa mameneja wao siku zile, unyapara ndio ulikuwa mashtaka yao. Kabla yake, katika mashamba ya mkonge, mnyapara alikuwa ni yule anayesimama nyuma ya wakata mkonge kuwahimiza.

Lakini asili ya neno hilo ni ya heshima. Limetoka kwa Wanyamwezi, watu walioijua kazi ya misafara kuliko wote katika Afrika ya Mashariki. Katika karne ya kumi na tisa, biashara yote kati ya pwani na bara ilipita mabegani mwa watu. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo thelathini, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Wapagazi waliofanya mkataba Zanzibar walipata kiasi cha reale tano kwa mwezi, na kwa kawaida walitaka mishahara ya miezi kadhaa kabla hawajaondoka, wawaachie wake zao na kulipa madeni. Njiani walipewa posho, ama kwa chakula ama kwa vitambaa na shanga za kununulia chakula. Walikaa kwa makambi, kila kambi na chungu chake. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, na juu yao walikuwa wanyapara, ambao kazi yao ilikuwa kusuluhisha ugomvi, kugawa posho, kusema na watemi na majumbe juu ya hongo, na kumfikishia tajiri maneno ya wapagazi.

Msafara haukuwa na ukuta wala geti. Mpagazi asiyeridhika aliweka mzigo chini usiku akatokomea porini, na asubuhi tajiri akabaki na bidhaa zisizo na mbebaji. Kwa hiyo mnyapara mbaya hakudumu. Chuma alidumu.

UTOTO WA UTUMWANI

Chuma alizaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi ya Wayao, upande ambao sasa ni Malawi. Alikuwa bado mtoto alipokamatwa na kuuzwa. Mwaka 1861, Dakta David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie wa Misheni ya Vyuo Vikuu walikuwa wakipita katika milima ya Shire, wakakutana na misafara ya watumwa, wakawafungua. Chuma alikuwa miongoni mwa waliofunguliwa. Akalelewa na wamisheni pale Magomero.

Misheni ile haikukaa sana. Mackenzie alifariki mwanzoni mwa mwaka 1862, njaa na homa zikaua wengi, na mwaka 1864 askofu mpya, William Tozer, akaihamishia Zanzibar. Mwaka huohuo Livingstone alimchukua Chuma na mwenzake Wikatani katika chombo chake kidogo cha moshi, wakavuka bahari mpaka Bombay. Huko walisomeshwa katika shule ya wamisheni wa Kiskoti, na Chuma akabatizwa akapewa jina la James. Mwanzoni mwa mwaka 1866 alirudi Afrika pamoja na Livingstone, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi. Hakuwa na cheo chochote. Alikuwa mtoto wa kutumwa.

KOSA LA MWAKA 1866

Safari hiyo ilianzia kwetu. Mwezi wa Machi 1866 walishuka kwenye ghuba ya Mikindani, wakaelekea bara wakiufuata Ruvuma. Msitu wa Wamakonde ulikuwa mnene hata ngamia hawakuweza kupita na mizigo yao, na ilibidi kuajiri Wamakonde wenye mashoka wafyeke njia kwa ujira wa nguo. Livingstone aliisifu kazi yao.

Lakini msafara wenyewe ulikuwa umeundwa vibaya. Ulikuwa na askari wa Kihindi, vijana waliosomeshwa shule ya Nasik huko Uhindini, watu wa Nzwani katika Ngazija, na wengine wachache. Kila kundi lilikuwa na lugha yake na mkubwa wake, na hapakuwa na mtu mmoja katikati aliyeaminiwa na wote. Askari waliachiwa wanyama, nao wakawabebesha kupita kiasi na kuwapiga mpaka wengi wakafa. Walikuwa wakibaki nyuma makusudi, wakawashawishi na wengine wafanye hivyo. Livingstone alivumilia, akaonya, akavumilia tena, na walipofika Mwembe kwa Mataka ndipo alipowarudisha pwani. Baadaye mwaka huohuo, kusini ya ziwa Nyasa, watu wa Nzwani waliposikia habari za Wangoni mbele yao wote walikimbia. Walipofika Zanzibar walitunga uongo kwamba Livingstone ameuawa, ili wasinyimwe mishahara yao.

Chuma aliona haya yote kwa macho yake. Mwenzake Wikatani alikuta jamaa zake huko ziwani, akabaki. Chuma akaendelea.

Nisimfanye malaika. Mwaka 1868, walipokuwa kwa Kazembe, Livingstone alitaka kwenda ziwa Bangweulu, na watu wake karibu wote wakakataa. Chuma alikuwa mmoja wa waliokataa. Walikuwa wamechoka, miaka miwili imepita, nguo zimekwisha, na hakuna aliyejua safari itaishia wapi. Livingstone alikwenda na watu wachache tu. Aliporudi, wale waliobaki walitaka kurudi kazini, naye akawapokea, kwa kuwa aliona hata yeye mwenyewe hakosi kasoro. Nadhani msamaha ule ulimfundisha Chuma kuliko fimbo. Tangu hapo hakumwacha tena, katika njaa ya Manyema, wala Ujiji alipokuja Stanley mwaka 1871, wala katika safari ya mwisho. Mwaka 1872 alimwoa Ntaoeka, mwanamke aliyekuwa katika msafara huohuo.

KWA CHITAMBO, 1873

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala ambayo sasa iko Zambia, Livingstone alikutwa amekufa kando ya kitanda chake. Hapa ndipo swali la mwalimu wetu linapopata jibu.

Tazameni hali ilivyokuwa. Walikuwa watu wapatao sitini, wanaume na wanawake, katika nchi ya mbali. Aliyewaajiri amekufa. Hakuna wa kuwalipa wala wa kuwaadhibu. Mizigo iko mikononi mwao, na bunduki pia. Wangeweza kugawana mali na kila mtu kushika njia yake, na hakuna mahakama ambayo ingewapata.

Chuma na Abdullah Susi, ambaye alikuwa na Livingstone tangu siku za Zambezi, waliwaita watu wote. Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa ni hesabu. Masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik aliyejua kuandika vizuri, akaorodhesha kila kitu kilichokuwamo, ili baadaye pasiwe na mtu wa kushtakiwa kwa wizi asioufanya. Kisha wakashauriana. Watu wote walikubali kwamba Susi na Chuma ndio wawe wakubwa wao, kwa kuwa wao ni wazoefu na wanajua njia, wakaahidi kuwatii. Cheo chao hakikutoka Zanzibar wala London. Walikipata pale kambini, kwa kauli ya wapagazi.

Wakaazimia kuupeleka mwili pwani. Kila mmoja alipewa kazi yake. Farijala, aliyekuwa na ujuzi kidogo wa mambo ya tiba, ndiye aliyeupasua mwili. Moyo na matumbo walivizika chini ya mti, mwili ukatiwa chumvi ukaanikwa juani kwa wiki mbili, ukafungwa kwa nguo na gome la mti, ukawa mzigo wa kubebwa na watu wawili. Chitambo mwenyewe, ambaye mwanzoni walimficha habari ya kifo, alipoijua aliwatendea kwa wema.

Safari ilichukua miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano. Hawakuwa wamekwenda mbali maradhi yakawaangusha karibu nusu yao, Susi mwenyewe akiwemo, na ilibidi kupiga kambi muda mrefu mpaka wapone. Wengine walikufa njiani. Katika kijiji cha Chawende waligombana na wenyeji, wakapigana, na damu ikamwagika. Hilo nalo ni lazima lisemwe.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili palepale, kwa maana njia ya mbele ina hatari. Yeye alikuwa ofisa na wao ni wapagazi, lakini walikataa. Na hatari ilipokuja kweli, kwa kuwa watu wa njiani hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, waliitatua kwa akili. Walitengeneza kifurushi cha uongo, wakakituma nyuma kana kwamba wamekubali kuzika Unyanyembe, na mwili wakaufunga upya ukafanana na robota la nguo za biashara. Wakapita. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

SHUKRANI ZA DUNIA

Wenzangu mlioajiri watu, someni sehemu hii polepole. Huko pwani balozi mdogo wa Kiingereza aliupokea mwili, akawalipa watu mishahara yao, akawaachisha kazi. Mwili ulisafirishwa kwa meli, na aliyekwenda nao ni Jacob Wainwright peke yake, kwa nauli iliyotolewa na wamisheni. Livingstone alipozikwa katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, wale wawili waliouongoza mwili wake kutoka Ilala hawakuwapo.

Baadaye James Young, tajiri wa Kiskoti aliyekuwa rafiki wa marehemu, alitoa fedha wakaletwa Uingereza, mazishi yakiwa yamekwisha. Walikaa kwa Horace Waller, aliyekuwa akitengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, wakamsaidia kwa kumsimulia mambo ambayo hayakuandikwa katika daftari lolote. Bila kumbukumbu zao mwisho wa kitabu kile usingeandikwa. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia iliamuru medali zitengenezwe kwa ajili ya waliobeba mwili, lakini medali zilipofika Zanzibar wengi wao walikwisha kutawanyika katika safari nyingine. Shukrani iliyochelewa ilimkosa mwenyewe. Nasi tunafanya hivyo kila mwaka, tunapongoja mtu astaafu au afe ndipo tuseme kwamba alifanya kazi vizuri.

CHUMA ANAKUJA KWETU

Chuma alirudi Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne hivi. Sasa hakuwa tena mtoto wa kutumwa. Misheni ya Vyuo Vikuu, chini ya Askofu Edward Steere, ilimwajiri aongoze misafara yake.

Mwaka 1875 alimwongoza Steere kutoka Lindi mpaka Mwembe kwa Mataka, mahali alipopita na Livingstone miaka tisa nyuma. Mwaka 1876 misheni iliandaa msafara wa namna nyingine. Watu hamsini na kitu waliokombolewa utumwani, wanaume na wanawake, walikuwa wanarudishwa bara wakaanzishe kijiji chao. Chuma alikuwamo katika kazi hiyo ya kuwaleta kutoka Lindi. Kusudi la kwanza lilikuwa kusogea zaidi, kuelekea Nyasa. Lakini walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe tunayoijua sote, watu waliona nchi ni nzuri, chakula kipo, na makwao si mbali tena. Wakaomba wabaki. Steere alisikiliza, akabadili shauri lake, na kijana William Percival Johnson akaachwa nao. Huo ndio mwanzo wa misheni ya Masasi.

Hapa napenda tutue kidogo. Wale walikuwa watu waliowahi kutembezwa njia hizihizi wakiwa na kongwa shingoni. Kuwatembeza tena, kwa hiari yao, na mizigo kichwani, kulitaka mtu anayeweza kuaminiwa. Chuma alikuwa Myao, na aliwahi kuuzwa kama wao. Hakuhitaji kuambiwa uoga wao ulitoka wapi. Naamini hiyo ndiyo sifa yake kubwa: kila aliyemwongoza alijua kwamba mkubwa huyu amepita pale alipo yeye.

SAFARI YA THOMSON

Kazi iliyomfanya Chuma ajulikane kuwa mnyapara wa kwanza pwani nzima ni ile ya mwaka 1879. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimtuma Keith Johnston afungue njia kutoka Dar es Salaam mpaka ziwa Nyasa na Tanganyika. Chuma aliwekwa kuwa mkuu wa msafara, na ndiye aliyechagua wapagazi. Kwanza walifanya safari ndogo ya majaribio mpaka Usambara, kisha mwezi wa Mei wakaondoka Dar es Salaam, watu wapatao mia moja na hamsini.

Mwezi uliofuata Johnston alikufa kwa kuhara damu pale Behobeho, karibu na Rufiji. Aliyebaki kushika uongozi ni Joseph Thomson, Mskoti wa miaka ishirini na mmoja, ambaye hakuwahi kuongoza msafara maishani mwake. Kwa Chuma jambo hili halikuwa geni. Alikwisha kuona tajiri akifa njiani. Msafara haukuvunjika.

Lipo tukio moja la safari hiyo ambalo kila mwajiri angelijua. Thomson hakupenda viboko, vilivyokuwa adhabu ya kawaida katika misafara. Akatangaza kwamba tangu siku hiyo mkosaji hatapigwa, atakatwa mshahara. Alidhani atashangiliwa. Wapagazi wote walikusanya vitu vyao wakaondoka. Ilimbidi Thomson aiache sheria yake ndipo wakarudi.

Wazungu waliosoma habari hiyo waliicheka. Mimi siicheki. Kiboko ni uonevu, na hakuna anayetaka kirudi. Lakini tufikiri jinsi mpagazi alivyofikiri. Yeye ameacha nyumba yake kwa ajili ya zile reale tano. Maumivu ya kiboko yanakwisha, lakini makato yanaandikwa na mtu mmoja katika daftari lake, kwa lugha asiyoisoma mpagazi, na hesabu yake itajulikana pwani baada ya mwaka. Nani atamshuhudia? Waliona kwamba wakikubali siku ile, siku ya malipo hawatakuta kitu. Thomson alikuwa na nia njema, ila aliigusa mishahara bila kushauriana nao.

Mwishoni mwa mwaka 1879, walipofika ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, Thomson aligawa msafara. Yeye alichukua kikundi kidogo kwenda kuutazama mto Lukuga. Watu wengi na sehemu kubwa ya bidhaa alimwachia Chuma. Akakaa miezi kadhaa. Huko Lukuga watu aliokuwa nao waligoma, wakakataa kuingia nchi ya Warua, akalazimika kugeuka. Aliporudi kwa Chuma alikuta kambi imetulia, watu wapo, mali ipo, na alipokewa kwa shangwe na milio ya bunduki. Basi yupo mtu ambaye angeweza kumjibu mwalimu wetu pale chini ya mwembe.

Mwezi wa Julai 1880 waliingia Bagamoyo. Siku zile misafara ilizoea kupoteza watu kwa makumi, kwa maradhi, vita na kutoroka. Msafara huu ulirudi karibu na watu wake wote. Thomson alipata sifa Ulaya, na kwa haki yake alieleza waziwazi jinsi alivyomtegemea Chuma: ulimi wake katika kusema na watemi, lugha nyingi alizozijua, hadithi zake za jioni zilizowachangamsha watu waliochoka. Alieleza pia kwamba Chuma alipenda fahari na kujionyesha, na mkono wake ulikuwa mwepesi katika kutumia mali. Hakuna mnyapara asiye na ila.

MWISHO WAKE

Mwaka 1881 Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alimtuma Thomson kutafuta makaa ya mawe upande wa Ruvuma, na Chuma akaenda naye. Wakapita tena kwetu, kutoka Mikindani, katika nchi ya Wamakonde. Makaa yaliyotarajiwa hayakupatikana ya kufaa. Hiyo ilikuwa safari yake kubwa ya mwisho.

Chuma alikufa Zanzibar mwaka 1882, kwa kifua kikuu, akihudumiwa na misheni ileile iliyomlea. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu. Mwaka huohuo Askofu Steere naye alifariki, na Wangoni wakashambulia Masasi. Baadhi ya watu wakahamia Newala kwa Matola. Mwenzake Susi aliishi mpaka mwaka 1891.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wapo watakaosema kwamba ulimwengu wa Chuma umepita, kwamba sasa kuna sheria za kazi, mikataba ya maandishi, benki na simu za kutumia fedha. Ni kweli. Lakini mimi mwenyewe nimewahi kuwa na vibarua wa korosho, nami nakiri kosa langu. Msimu mmoja magunia mawili yalipungua. Sikuita watu, sikufungua hesabu mbele yao, nilikata tu kidogo kidogo katika ujira wa kila mmoja. Wiki ya pili nilibaki na mlinzi peke yake. Nikawaita wavivu na wezi, na niliendelea kuwaita hivyo miaka mingi. Baadaye niligundua kwamba mzani wangu ndio uliokuwa na kasoro. Nilipowatafuta wale watu niwalipe, niliwapata wanne tu.

Kule kwa Chitambo, siku ambayo kila mtu alikuwa na sababu ya kumshuku mwenzake, Chuma na Susi walianza kwa kufungua masanduku mbele ya wote. Watu walipoona kwamba hakuna kinachofichwa, waliwakubali kuwa wakubwa wao, na waliowakubali kwa hiari yao walitembea nao miezi tisa bila mtu wa kuwasimamia kutoka juu. Nami nadhani ndiyo maana Chuma alipoachwa na kambi ya Tanganyika hakuhitaji kuwachunga watu kwa bunduki. Watu walijua posho yao inagawiwa sawa, mshahara wao haujaguswa, na mkubwa wao amewahi kuwa mdogo kuliko wao.

Basi, wenzangu, kabla hatujakutana tena, kila mmoja wetu ajaribu jambo moja dogo. Aite watu wake, awe nao watatu au thelathini, afungue daftari la mishahara na makato mbele yao, na kila mmoja asomewe kilicho chake. Kama kuna kilichokatwa pasipo haki, kirudishwe sasa, wakati mwenyewe bado anaonekana. Tukikutana Lukuledi, mwalimu wetu akijaliwa uzima, nina hakika atauliza tena swali lake. Ningependa safari hii tuwe na mtu wa kujibu.